Wanafunzi wanafaulu mtihani wa kuhakiki habari, kisha wanasambaza uzushi: nifundishe nini?

Mwalimu wa Semina ameuliza:

Ndugu wanajamvi,

Ninaongoza semina ya mwaka wa kwanza kuhusu uraia wa kidemokrasia na matumizi ya vyombo vya habari vya kidijitali, na nimekwama mahali ambapo vitabu nilivyo navyo havinisaidii sana. Katika mtihani wa katikati ya muhula niliwataka wanafunzi waeleze tofauti kati ya habari potofu inayosambazwa na mtu asiyejua kuwa ni potofu na upotoshaji unaopangwa kwa makusudi, kisha waoneshe namna ya kutafuta asili ya picha inayodaiwa kuwa ya tukio fulani. Walijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Siku 9 baadaye, usiku wa kuamkia uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, ilizagaa picha ya skrini yenye nembo ya tume ya uchaguzi huo, ikieleza kwamba upigaji kura umeahirishwa kwa siku mbili. Haikuwa na tarehe, haikutaja sababu, na cheo cha aliyetia saini hakipo kabisa katika tume hiyo. Tangazo sahihi lilikuwa kwenye tovuti ya tume muda wote huo. Nilipowauliza darasani, kwa vikaratasi visivyo na majina, zaidi ya nusu walikiri kwamba waliisambaza, na wanne hawakwenda kupiga kura kwa sababu yake.

Kudanganyika kwao hakukunisumbua sana, kwa kuwa hata mimi nimewahi kudanganyika. Kilichonikosesha usingizi ni maneno ya mwanafunzi mmoja, tena aliyepata alama za juu, ambaye alisema kwa upole tu: "Mwalimu, sikufikiria kama lile lilikuwa somo." Yaani kwake kuhakiki ni kazi ya kwenye karatasi ya mtihani, na simu iliyo mkononi mwake ina utaratibu wake mwingine.

Azimio la Grünwald, lililotolewa mwaka 1982 chini ya UNESCO, liliieleza elimu ya vyombo vya habari kuwa ni wajibu ambao mifumo ya siasa na ya elimu inao kwa raia. Miaka zaidi ya 40 imepita. Swali langu basi ni hili: tunachofundisha vyuoni ni uraia, au ni ufundi wa kutambua uongo ambao mtu anaweza kuwa nao na asiutumie siku unapohitajika? Na kama ni ufundi tu, nibadili nini bila kuigeuza semina kuwa mahubiri?

---

Mkutubi wa Zamu amejibu:

Mwalimu, nashukuru kwa kuliweka jambo hili wazi, na nianze kwa kukiri kosa la upande wetu. Kwa miaka mingi sisi wakutubi tumewapa wanafunzi orodha ya maswali ya kujiuliza wanapofungua ukurasa: nani kauandika, una tarehe, una marejeo, lugha yake ina staha, anwani yake inaishia na nini. Orodha hiyo ilifaa enzi ambazo kuchapisha kulikuwa na gharama na mhariri alisimama mlangoni. Leo kila kinachoulizwa katika orodha hiyo kinaweza kutengenezwa na mtu mmoja kwa jioni moja, na hata anwani inayoishia na .org, ambayo wanafunzi wengi huichukulia kama cheti cha uaminifu, husajiliwa na yeyote anayeilipia.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walilionesha hili mwaka 2017. Waliwakalisha mbele ya kompyuta watu 45, yaani wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Kazi mojawapo ilikuwa kulinganisha tovuti za jumuiya mbili za madaktari wa watoto nchini Marekani: moja ni jumuiya kongwe iliyoundwa mwaka 1930, yenye makumi ya maelfu ya wanachama, na nyingine ni kikundi kidogo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa sababu za kimsimamo, ingawa jina lake linafanana mno na la ile ya kwanza. Wanafunzi wengi walibaki ndani ya kurasa, wakasifu mpangilio na marejeo, na hawakugundua tofauti hiyo. Wanahistoria nao, watu wanaokula mkate wao kwa kuchambua nyaraka, hawakung'ara. Wakaguzi wa habari walifanya jambo ambalo kwa mtazamaji lingeonekana kama ukosefu wa subira: waliuacha ukurasa upesi, wakafungua vichupo vingine, wakatafuta wengine wanasema nini kumhusu aliyeuandika, ndipo wakarudi kuusoma. Mimi huuita mtindo huu kusoma kwa kutoka nje.

Sasa tazama ile picha ya skrini. Ndani yake hakuna cha kutafiti, kwa sababu imekatwa kutoka mahali ilipozaliwa. Haina kiungo, haina historia, na nembo yake imenakiliwa kutoka popote. Mwanafunzi aliyefunzwa kuchunguza kilichomo ataichungulia kwa dakika tano na kubaki pale pale alipokuwa, ilhali aliyefunzwa kutoka nje atauliza swali moja tu, kwamba tangazo kama hili lingekuwa la kweli lingekaa wapi, kisha ataenda huko. Ningekushauri mtihani wako ufanyike kwenye simu zao wenyewe, kwa ujumbe wanaoupokea wiki hiyo hiyo, kwa dakika mbili kila mmoja. Karatasi inampa mwanafunzi muda na onyo, navyo ni vitu viwili ambavyo uzushi haumpi.

---

Mwaka wa Tatu amejibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mkutubi. Naomba niseme kwa niaba ya waliosambaza, kwa kuwa katika uchaguzi wa mwaka juzi nilikuwa mmoja wao, ingawa chuo ni kingine na uzushi ulikuwa mwingine.

Mkutubi anazungumza kana kwamba tulishindwa kujua. Baadhi yetu tulishindwa, ni kweli, lakini wengi tulikuwa na shaka tangu mwanzo, na ushahidi wa shaka hiyo ni maneno tuliyoambatanisha: "Nimetumiwa hii, mwenye uhakika atujuze." Mimi niliyaandika maneno hayo na nikajiona mtu mwangalifu. Baadaye nilipoyafikiria niligundua kwamba yalinifanyia kazi mbili kwa wakati mmoja. Yaliniruhusu kuwa wa kwanza kuleta habari katika kundi la kozi yetu, na yaliniondolea lawama ikithibitika kuwa ni uongo. Ninachokijutia zaidi ni kwamba swali lile halikusafiri na picha. Mtu aliyeichukua kwangu aliichukua picha peke yake, akaacha shaka yangu nyuma, na ilipofika kwenye kundi la tatu ilikuwa tayari ni tangazo.

Jambo la pili ni kusahihisha. Katika kundi lile walikuwamo watu wasiopungua watatu waliojua kwamba picha ni ya uzushi, na mmoja wao aliniambia siku iliyofuata kwamba alinyamaza kwa sababu aliyeileta ni rafiki yake na hakutaka aonekane mjuaji mbele ya watu 200. Sidhani kama yupo mwalimu aliyewahi kutufundisha namna ya kumsahihisha rafiki hadharani bila kumvunjia heshima. Tunafundishwa kumshinda mwongo tusiyemjua, ilhali uzushi karibu wote unatufikia kupitia watu tunaowapenda.

Na jambo la tatu, Mwalimu, nalisema kwa heshima: tovuti ya tume ya uchaguzi hakuna anayeitembelea. Tangazo sahihi kuwapo huko muda wote ni sawa na kubandika ratiba ndani ya chumba kilichofungwa. Uzushi ulitufuata tulipo. Tume nayo ingetufuata.

---

Mtafiti wa Siasa amejibu:

Kijana hapo juu amegusa penye jipu, nami nitaongeza yaliyo upande wangu, hata kama kwa sehemu yatapingana na ya Mkutubi.

Kwanza tuwatendee haki wanafunzi. Kuna mazoea ya kuzungumza juu ya vijana kana kwamba wao ndio mlango mkuu wa uzushi. Utafiti uliofanywa kuhusu watumiaji wa Facebook nchini Marekani wakati wa uchaguzi wa mwaka 2016, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba watu wa miaka zaidi ya 65 walisambaza makala za habari bandia takriban mara saba ya walivyosambaza wale wa rika la chini kabisa. Sisemi hivyo ili tuwahamishie wazee lawama, bali ili Mwalimu asianze semina yake kwa dhana kwamba mbele yake wameketi wagonjwa.

Pili, watafiti watatu waliokuwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, Vosoughi, Roy na Aral, walichapisha mwaka 2018 katika jarida la Science uchambuzi wa habari zilizosambaa kwenye Twitter tangu mwaka 2006 hadi 2017, zilizopita katika minyororo ya usambazaji ipatayo 126,000, yaani mtu mmoja anaanza na wengine wanarudia. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na habari ya kweli ilichukua muda wa takriban mara sita kuwafikia watu 1,500. Wengi wetu tungedhani ni kazi ya roboti, yaani akaunti zinazojiendesha zenyewe, lakini roboti zilieneza kweli na uongo kwa kiwango kinacholingana. Tofauti ililetwa na binadamu, na maelezo yaliyopewa uzito ni kwamba uongo huwa na upya unaoshangaza. Kuahirishwa kwa uchaguzi ni habari. Uchaguzi kufanyika kesho kama ilivyopangwa si habari kabisa, na hakuna anayesukumwa na moyo kuisambaza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Mkutubi. Ukimfundisha kila mtu mmoja mmoja kutoka nje ya ukurasa, umemtwika raia mzigo ambao sehemu yake ni ya wenye mitandao. WhatsApp ilipopunguza mwanzoni mwa mwaka 2019 idadi ya mahali ambapo ujumbe mmoja unaweza kupelekwa kwa mkupuo hadi patano, na ilipoamua Aprili 2020 kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi uende mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, ilikuwa inakiri kwamba umbo la chombo lina mchango wake katika tabia ya mtumiaji. Mwanafunzi anayejua jambo hilo anaweza kuuliza maswali ya kisiasa: nani anaamua ninachokiona, kwa masilahi ya nani, na ni sheria gani inayombana. Taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 ziliishia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za kisiasa, kama ilivyobainika mwaka 2018, na hakuna ujuzi wa kutambua picha bandia ambao ungewakinga watu hao, kwa kuwa wengi wao hawakufanya chochote zaidi ya kuwa na rafiki aliyejibu maswali ya programu fulani.

Tatu, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi, elimu hii ikifundishwa vibaya huzaa watu wasioamini lolote. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa tarehe 30 Septemba 2023 ilisambaa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama kimojawapo akionekana kupanga wizi wa kura, katika kipindi ambacho kampeni zimenyamazishwa kisheria na kujibu ni kugumu. Somo la haraka ambalo mwanafunzi hulipata kwa mfano huo ni kwamba sauti yoyote inaweza kuwa ya kughushi. Sawa. Lakini kiongozi aliyenaswa kwa sauti ya kweli naye amelisikia somo hilo hilo, na atasema kwamba alichorekodiwa kimetengenezwa na akili mnemba. Raia anayeshuku kila kitu kwa kiwango kimoja hana silaha dhidi ya mtu huyo. Kwa hiyo mazoezi ya kukubali, ya kusema "hili nimelihakiki na nimeridhika nalo, kwa sababu hizi," yapewe nafasi sawa na mazoezi ya kukataa. Nimeona mitaala kadhaa na karibu yote inahesabu uongo uliogunduliwa. Sijaona unaomhesabia mwanafunzi kosa kwa kuikataa kweli.

La mwisho. Ibara ya 19 ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataja haki ya kutafuta habari, kuzipokea na kuzieneza. Vitenzi vitatu. Semina yako, Mwalimu, kwa jinsi ulivyoieleza, imemfundisha mwanafunzi kitenzi cha kati peke yake. Umemwandaa awe mpokeaji mzuri, kisha usiku wa kuamkia uchaguzi akakutwa ni mwenezaji, nafasi ambayo hakuna aliyemwambia kuwa anayo.

---

Mkutubi wa Zamu amejibu:

Nakubali kuhusu wenye mitandao, lakini siwezi kusubiri sheria zao zibadilike ndipo nimfundishe mwanafunzi anayeingia maktaba kesho asubuhi. Isitoshe, kusoma kwa kutoka nje hakumfanyi mtu ashuku kila kitu. Wale wakaguzi 10 walikuwa wepesi wa kuamini walipopata sababu ya kuamini. Ndiyo maana walimaliza haraka. Ninaunga mkono kikamilifu suala la kumhesabia mwanafunzi kosa kwa kuikataa kweli, na nitaanza kulitumia.

---

Mwalimu wa Semina amejibu:

Nimesoma majibu yote mara mbili, na wiki iliyopita nilithubutu kubadilisha mambo mawili. Naeleza yaliyotokea, mazuri na yasiyo mazuri.

Kwanza, badala ya kuwapa ujumbe wa uongo waugundue, nilimtaka kila mwanafunzi afungue simu yake, atafute jambo moja alilowahi kulisambaza ambalo baadaye alijua si kweli, kisha arudi kwenye makundi yale yale na kulisahihisha kwa maneno yake, akieleza alivyojua. Nilidhani ni zoezi la dakika ishirini. Lilikula saa mbili zote, na kelele zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Sehemu ngumu ilikuwa ni kuandika. Mwanafunzi mmoja alifuta sahihisho lake mara nne kwa sababu kila alipolisoma lilionekana ama kama kujitetea au kama kuwafokea wenzake. Hatimaye aliandika hivi, na nimeomba ruhusa yake kunukuu: "Ile picha niliyoleta hapa juu ya kuahirishwa kwa uchaguzi haikuwa ya kweli. Niliileta bila kuangalia tovuti ya tume. Tangazo sahihi ni hili." Alilipeleka kwenye makundi matatu. Kundi la kwanza lilimshukuru, la pili halikusema neno, na katika la tatu alitaniwa kwa siku nzima. Mwingine aliondolewa kabisa na msimamizi wa kundi, ambaye kumbe ndiye aliyemtumia uzushi huo.

Pili, nililichukua lalamiko la Mwaka wa Tatu kuhusu chumba kilichofungwa. Semina iliandika barua kwa tume ya uchaguzi wa wanafunzi, ikaomba kwamba kila tangazo liwe na namba yake na tarehe, litumwe kama maandishi yenye kiungo badala ya picha, na lipelekwe na wawakilishi wa madarasa kwenye makundi ndani ya saa ile ile linapotolewa. Nilishangaa kuona kwamba walioongoza uandishi wa barua ni wale wale ambao katika mijadala ya kuhakiki hawakuwa wakifungua mdomo. Tume imejibu kwamba italitafakari ombi hilo, jibu ambalo nyote mnalifahamu ladha yake, lakini wanafunzi wameshaweka tarehe ya kufuatilia.

Kuhusu vitenzi vitatu, Mtafiti, nimeviandika ubaoni bila maelezo na nimeviacha hapo.

---

Mwaka wa Tatu amejibu:

Mwalimu, hongera, na pole kwa huyo aliyeondolewa kundini. Nina swali moja dogo. Zoezi hili la kusahihisha utaliwekea alama? Nauliza kwa sababu nawajua wenzangu, na mimi najijua. Likiwa na alama, muhula ujao wapo watakaosambaza jambo la uongo kwa makusudi ili wapate la kusahihisha.

---

Mwalimu wa Semina amejibu:

Umenishika pabaya. Nilikuwa nimeshalitengea alama 10. Naziondoa, ingawa sasa nitalazimika kuueleza uongozi wa idara kwa nini saa mbili za semina hazina alama yoyote, na sina hakika kwamba nitaeleweka.

---

Mtafiti wa Siasa amejibu:

Waambie alama zimehamia kwenye ile barua kwa tume. Itakuwa kweli pia, endapo utakubali kuipima kwa ubora wa hoja na ufuatiliaji wake, bila kujali tume itajibu nini.